Hapa Si Hotelini

Jumatatu, 3 Machi

Miguu. Sina habari nyingine kabla ya miguu. Saa kumi alfajiri nimeshasimama mbele ya masufuria ya hospitali, saa nane mchana ndiyo nakaa, na kukaa kwenyewe ni juu ya kreti la maziwa lililopinduliwa. Miaka kumi na mmoja sasa. Kuna siku nadhani hii miguu si yangu, nimeazima tu na mwenyewe hajaja kuichukua.

Jana alikuja wifi yangu. Hakupiga simu, alibisha hodi tu. Akawakuta wasichana jikoni wanakula mkate mkavu wamesimama, mmoja upande huu, mmoja upande ule, kama abiria. Na mimi nilikuwa nimelala! Napata Jumapili moja kati ya mbili, na hiyo moja nimelala mpaka saa nne, mdomo wazi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa, akanywa chai, akasema kwa upole kwamba nyumba yake ina chumba kitupu, shule iko karibu, na yeye asubuhi yupo nyumbani. Wasichana ni wa kaka yake, ni damu yake. Tangu marehemu mama yao aondoke hawajapata mtu wa kukaa nao mezani asubuhi. Wifi, sikulaumu, akasema, umechoka, naona kwa macho. Wiki hii shule zinafunga. Jumamosi atarudi awaulize wenyewe. Wakisema twende, wanaondoka naye siku hiyohiyo.

Nikamwambia sawa. Sawa! Mdomo huu.

Leo nimempigia mume wangu. Yuko na lori lake kwenye foleni, hatapakua mpaka wiki ijayo. Naye anasema waachwe waseme wenyewe, wamekua. Wamekua wapi? Mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Namwita Karani, kwa jinsi anavyoandika kila kitu kwenye daftari na kunitazama kana kwamba nimefika ofisini kwake bila picha mbili za pasipoti. Mdogo ana mitano, huyo ni Nukta, maana ndiyo saizi yake. Wote wawili wananiita Anti. Miezi minane nimeolewa humu, bado ni Anti.

Sasa jambo lenyewe. Zamani kidogo, wangeniambia wanakwenda kwa shangazi yao, ningewabebea mabegi mpaka kituoni na nauli juu. Leo nimeingia stoo kuchukua unga, nikakaa juu ya magunia, nikalia. Mimi! Nikatoka na uso mweupe, wenzangu wakadhani ni unga tu. Sitaki waende. Basi, nimeliandika.

Jioni Nukta kasema, bila kuulizwa, kwamba mama yao alikuwa akiwapikia pankeki kila Jumamosi. Yeye mwenyewe hakumbuki, kasimuliwa na dada yake. Karani akamkanyaga mguu chini ya meza. Nimeona.

Jumamosi nitapika pankeki. Napikia wagonjwa mia tatu kifungua kinywa kila siku ya Mungu, na humu ndani sijawahi kukipika hata mara moja. Nikifikiri naona haya.


Jumanne, 4 Machi

Mpishi wa watu mia tatu kashindwa na pankeki. Lo!

Nimerudi saa tisa, nikasema ngoja nifanye majaribio kabla ya siku yenyewe. Kumbe mkono wangu haujui kupima kidogo. Kazini tunapima kwa ndoo: ndoo moja, wodi moja. Nikamimina unga, nikaona mzito, nikaongeza maziwa. Yakazidi, nikaongeza unga. Bakuli likajaa, nikahamia kwenye sufuria. Sufuria likajaa, nikaishia kwenye beseni la kufulia. (Nililiosha, jamani.) Mayai ya wiki nzima yameingia humo. Nimegeuza pankeki sitini na ushee, nikaacha kuhesabu nilipoanza kuona nyota. Mlango wa pili kuna fundi cherehani, ndiye anayewatupia jicho wasichana asubuhi nikiwa kazini. Nimempelekea sahani tatu zimejaa pomoni. Kauliza nani kafariki.

Hilo ningecheka likaisha. Kosa lenyewe ni jingine. Hazikuwa na chumvi. Wala sukari. Kazini hatutii, chumvi inawekwa mezani kwa mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari tu. Nilionywa hivyo siku yangu ya kwanza, na tangu hapo mkono unalipita kopo la chumvi kana kwamba hawajuani. Hata nyumbani mume wangu hujitilia mwenyewe, hasemi kitu. Mimi nikidhani anapenda chumvi!

Nukta alikata kipande, akatafuna, akakitoa taratibu na kukiweka ukingoni mwa sahani. Ana adabu huyu mtoto. Karani alionja kidogo, akaweka uma chini.

"Ni chakula cha wodini," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa kwenye pakiti. Halafu akaenda kufanya hesabu zake. Nilibaki na mwiko mkononi. Mama yao alilazwa hapo ninapofanya kazi, miezi mitatu, kabla sijamjua baba yao. Hilo nalijua siku zote, tulishalizungumza, likaisha. Ila sikuwahi kuwaza kwamba hawa wasichana walikaa kando ya kitanda wakila kwenye sahani ya mama yao. Yaani wanaujua mkono wangu toka zamani. Walikuwa wameshanionja kabla hatujaonana.

Nimekula pankeki tano peke yangu nikiwa nimesimama. Kweli hazina ladha.


Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba msimamizi wa jiko ruhusa ya Jumamosi. Tunamwita Mzee Mizani, angeweza angepima hata mvuke. Kakubali, ila leo, kesho na keshokutwa nibaki nioshe masufuria ya zamu ya mchana. Sawa. Mgongo hauna mtu wa kuusemea. Kauliza kuna sherehe gani Jumamosi, nikamwambia pankeki. Akacheka peke yake, akaenda zake. Sijui nini kilichomchekesha.

Nimechoka mpaka kalamu nzito. Siandiki zaidi.


Alhamisi, 6 Machi

Nimefika nyumbani saa kumi na moja jioni. Karani kakaa meza ya jikoni na daftari lake. Sikumwambia kitu, nikatoa bakuli dogo — dogo kweli safari hii — nikaanza upya. Namsikia ananitazama. Kuna watu wakikutazama unasikia.

Mara akasema rojo nalipiga sana, zitatoka ngumu kama soli. Nikapunguza. Akasema mama hakupima kwa upawa, alipima kwa kikombe. Kikombe gani? Kilivunjika, chochote tu. Unga kikombe, maziwa kikombe, yai moja, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, sukari vijiko viwili. Halafu usipike! Unafunika, unaacha rojo likae, na nyinyi mnakwenda kutandika vitanda. Kitanda hakijatandikwa, pankeki hakuna. Ukirudi unamimina, unasubiri matundu yafunguke juu na yasijifunge tena, ndipo unageuza. Mara moja tu. Anayegeuzageuza hajiamini, mama alikuwa akisema.

Mpaka hapo alikuwa ameshasimama ubavuni kwangu, na hakuna kati yetu aliyejua amenyanyuka saa ngapi. Tukapika sita. Zikatoka! Nukta alikula tatu, akauliza kama leo ndiyo Jumamosi au Jumamosi bado ipo. Nikamwambia bado ipo. Akafurahi kama mtu aliyeongezewa siku.

Nilikuwa na raha. Nakiri. Kama dakika ishirini hivi miguu haikuniuma.

Tukawa tunaosha vyombo, mimi nasugua, Karani anafuta. Akaanza kusimulia bila kunitazama, macho kwenye sahani. Kwamba mama yao alipokuwa wodini alimtuma sista jikoni. Wanangu wanakuja Jumamosi, wao wanajua Jumamosi ni pankeki, naomba mnisaidie chache tu. Jikoni wakakataa.

"Wakamwambia hapa si hotelini," akasema Karani.

Mama yao alicheka alipowasimulia. Aliwaiga hao watu wa jikoni kwa sauti nene, mkono kiunoni, amelala hivyohivyo, mpaka wakacheka wote watatu. Kisha akawagawia uji wake. Jumamosi iliyofuata hakuwatambua tena.

Karani akasema ladha ya zile za nyumbani imeanza kumtoka, anaitafuta haipati. Anachokumbuka vizuri ni zile ambazo hawakula.

Nikamwambia pole, mwanangu. Nikachukua sahani safi nikaiosha tena.

Hapa si hotelini. Nayajua maneno hayo. Ni yangu.


Ijumaa, 7 Machi

Naandika juu ya kreti, dakika kumi za mapumziko.

Nimekumbuka yote. Sikutaka, ila yamekuja. Wenzetu wawili hawakufika siku ile, uji wa wodi ya tatu ulikuwa umefurika, jiko zima limeganda. Sista akachungulia kwenye dirisha la kupakulia na hilo ombi lake. Mimi nilikuwa nasugua, mgongo unaniuma, sikumtazama hata usoni. Nikasema kwa sauti, mwambie hapa si hotelini! Jiko zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kuliko wote. Nilijiona mjanja. Miezi baadaye mtu akiomba hata kijiko cha sukari, Mzee Mizani anamjibu hapa si hotelini, muulize mwenzenu. Mwenzenu ndiye mimi. Kumbe ndicho kilichomchekesha juzi.

Leo kanigusa bega. Eti, hoteli imefunguliwa? Nimeshindwa kucheka. Nikamuuliza kama anakumbuka ni nani aliyeomba siku ile. Atakumbuka wapi. Sisi jikoni hatujui majina, tunajua kadi za vitanda.

Pankeki tatu, nne. Dakika kumi. Unga ulikuwepo, mayai yalikuwepo, moto unawaka. Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Nimechoka leo pia. Hilo silo jibu la kumpa mtoto.

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Nikinyamaza, nani atajua? Hakuna. Nikisema kesho kabla wifi hajafika, nitakuwa nimewafungashia mabegi kwa mikono yangu mwenyewe. Nikisema baada ya wifi kuondoka, Karani atajua nilisubiri kwanza aseme anabaki, ndipo nikajitua mzigo. Ana akili huyo, ataniona hadi mifupa. Na nisiposema kabisa, kila Jumamosi nitageuza pankeki na hili limenikaa kooni, na yeye atakuwa ananifundisha za mama yake, ananishika mkono, hajui mkono wenyewe ni upi.

Au anajua? Miezi minane anakula kwangu kama mtu anayemaliza dawa.

Jioni. Nimepiga moyo konde njia nzima. Nimefika mlangoni nimepiga tena. Nimemkuta Karani anapanga nguo, Nukta kalala sakafuni anachora duara, anasema ni kesho. Nikafungua mdomo, nikajisikia nauliza: nguo umeshazikunja zote?

Kazikunja zote.


Jumamosi, 8 Machi

Saa moja na robo asubuhi. Rojo limefunikwa, linapumzika. Ndilo peke yake linalopumzika humu. Nukta katandika kitanda, kakivuruga, kakitandika tena ili awe na hakika.

Nimesema. Ngoja niandike sasa hivi.

Karani ndiye aliyepima. Kavaa aproni yangu, imemfika kwenye vifundo. Akatia chumvi, akafunika bakuli kwa sahani, akasema haya, vitanda. Nikamwambia subiri kidogo. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku mzima, yenye mwanzo na mwisho mzuri. Hakuna hata moja lililotoka.

"Yule wa jikoni ni mimi," nikamwambia. "Aliyesema hapa si hotelini. Sikujua ni mama yako aliyeomba. Lakini hata kama sikujua ni nani, alikuwa mama wa mtu. Nilikuwa nimechoka. Nisamehe."

Akaisawazisha sahani juu ya bakuli. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia, na sina nguvu ya kurudia.

"Ulicheka?" akaniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi.

"Nilicheka," nikasema.

Akavua aproni. Akaikunja mara mbili, kona kwa kona, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Nimesikia mlango wa chumba chao. Kisha nimesikia zipu ya begi, ile ndefu.

Mimi nipo hapa na bakuli.

Saa mbili na nusu. Wifi kafika mapema, kavaa vizuri, kanukia. Kasimama mlangoni akavuta harufu, akasema wifi, leo kuna nini humu? Nikamwambia kifungua kinywa. Nimetandika meza sebuleni, kitambaa, sahani nne, vikombe vinavyofanana. Nukta kakaa wa kwanza. Karani katoka na begi lake mkononi. Kaliweka kando ya mlango wa nje, limesimama limejaa. Kamsalimia shangazi yake, shikamoo, kakaa. Mimi hajanitazama.

Wifi kaliona begi. Kaniangalia. Nimerudi jikoni.

Nimepeleka tano za kwanza. Wifi kala, kashangaa, kasema nzuri, tena kwa moyo, namjua akidanganya. Nukta hana habari na mtu. Sahani ya Karani ina moja, nzima, haijaguswa. Mikono yake iko mapajani.

Ataondoka. Mimi pia ningeondoka.

Saa tatu na dakika chache. Naandika nimesimama, daftari juu ya firiji. Nitaeleza kwa nini mikono yangu haina kazi.

Wifi alianza kuwauliza. Mlango kati ya jikoni na sebule uko wazi, kila kitu nasikia. Alianza na mdogo. Nukta kasema angependa kukaa kwa shangazi siku zote ambazo si Jumamosi. Wifi kacheka. Hata mimi, kidogo, nimewapa mgongo. Kisha akamgeukia mkubwa. Mwanangu, na wewe? Begi naliona, lakini nataka nisikie kwa mdomo wako.

Uma wa Nukta ukagonga sahani. Nilikuwa na moja kwenye kikaango, inaanza kuungua ukingoni, naiona, moshi naunusa, na siwezi kuinua mkono. Mpishi wa miaka kumi na mmoja, natazama tu inavyokuwa nyeusi. Nikawa nasema moyoni asijibu bado, asijibu bado.

Kiti kikavutwa. Nikajua anakwenda kuchukua begi. Hatua zikaja huku.

Kasimama ubavuni kwangu. Macho yamemvimba, kumbe alilia huko ndani na mimi sikusikia, nilisikia zipu tu. Kanyoosha mkono, kapunguza moto.

"Moto wako mkubwa," kasema.

Kaninyang'anya mwiko. Ile iliyoungua kaitupa kwenye ndoo ya takataka. Kafuta kikaango kwa kitambaa, kaachia mafuta kidogo, kachota kwa kikombe, kamimina, kazungusha ikajaa duara. Hajaniambia nitoke. Begi bado liko mlangoni, kutoka hapa naona mkanda wake.

Wifi anaita kutoka sebuleni. Mwanangu, hujanijibu.

"Nageuza kwanza, shangazi."

Kasubiri matundu yafunguke. Kageuza, mara moja. Imetoka rangi nzuri. Kaiweka kwenye sahani, kaisogeza sahani upande wangu bila kugeuka. Wifi kauliza tena, sasa kwa sauti ya chini. Karani kachota kikombe kingine.

Rojo bado liko nusu bakuli.